Jinsi ya Kutafuta na Kuondoa Kelele katika Maikrofoni ya Valvu Iliyokwisha Kutumika

Maikrofoni ni sikio la mtambo wa kunasa sauti. Sikio likiwa gonjwa, vyombo vingine vyote, hata viwe vya thamani namna gani, havifai kitu. Kwaya ikichanga fedha kwa miezi mingi na kununua maikrofoni ya valvu iliyokwisha kutumika, kisha nyimbo zake zikasikika zimechanganyika na mvumo na mitatariko, hasara hiyo si ya fedha peke yake. Mzee aliyealikwa kusimulia habari za ukoo wake huenda asipatikane mara ya pili, na sauti iliyonaswa pamoja na kelele haisafishiki kabisa ikawa kama ilivyotoka kinywani mwake.

Hata hivyo, kelele si dalili kwamba maikrofoni imekufa. Mara nyingi chanzo chake ni kitu kidogo: pini yenye kutu, waya uliokatika ndani, au unyevu. Watu wengi wakisikia kelele hukimbilia kununua valvu mpya, kisha fedha zikaisha na kelele ikabaki pale pale. Fundi mwenye busara hufanya kama daktari. Husikiliza kwanza, hupima jambo moja baada ya jingine, ndipo atoapo dawa.

MAIKROFONI HII INAVYOFANYA KAZI

Ndani ya kichwa cha maikrofoni, nyuma ya wavu wa chuma, mna kiwambo chembamba mno cha plastiki kilichopakwa dhahabu. Kimewambwa mbele ya bamba la shaba kama ngozi iwambwavyo juu ya ngoma, ila nafasi iliyo kati ya kiwambo na bamba haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Vitu hivyo viwili hutiwa umeme, na katika maikrofoni nyingi kiasi chake ni volti 60 hivi. Mtu akisema, hewa hukitikisa kiwambo, nafasi ile hupungua na kuongezeka, na umeme nao hubadilika kwa kuifuata sauti.

Umeme huo ni dhaifu sana, hauwezi kusafiri mbali katika waya. Hapo ndipo valvu hufanya kazi yake. Valvu ni taa ya kioo, kama zile zilizokuwa katika redio za zamani. Huupokea umeme ule dhaifu na kuutia nguvu ya kusafiri, kisha transfoma ndogo huupeleka katika waya mpaka mtamboni. Valvu yenyewe yahitaji umeme wa namna mbili: mdogo wa kuipasha moto, na mkubwa wa kufanyia kazi. Ndiyo sababu maikrofoni ya namna hii huja na sanduku lake la umeme, pamoja na waya mnene wenye pini nyingi, mara nyingi saba.

Ufundi huu si wa jana. Georg Neumann alianzisha kiwanda chake mjini Berlin, Ujerumani, mwaka 1928. Maikrofoni yake iitwayo U 47 ilitoka mwaka 1949, na U 67 ikafuata mwaka 1960. Baadaye transista zilichukua mahali pa valvu katika maikrofoni nyingi, lakini waimbaji wengi hawakuacha kuipenda sauti ya valvu. Kwa hiyo zile za zamani huuzwa hata leo kwa bei kubwa, na viwanda vya siku hizi, pamoja na vya China, hutengeneza nyingine za bei nafuu. Nyingi katika hizo hutumia valvu iitwayo ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7.

HATARI YA UMEME

Kabla ya kushika bisibisi, kila mtu na afahamu kwamba sanduku la maikrofoni ya valvu lina umeme wa kuua. Sanduku la U 67, kwa mfano, hutoa volti 210. Tena, kapasita zilizomo ndani huweza kuushika umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani, kama mtungi ushikavyo maji baada ya mfereji kufungwa.

Basi, fundi huzima swichi, huchomoa plagi ukutani, na hungoja dakika kadhaa. Ndipo huchomoa waya wa maikrofoni, na hulifungua sanduku bila kugusa kitu ndani yake. Hupima kwa mita kama umeme umekwisha. Ukiwa bado upo, huumaliza polepole kwa kupitia rezista, wala si kwa kugusisha bisibisi. Kisha hupima mara ya pili. Mtu asiye na mita, au asiyejua kuisoma, asifungue sanduku hata kidogo. Kazi ya ndani na ampelekee fundi wa redio. Majaribio ya nje yatakayoelezwa hapa chini yanamtosha, nayo ndiyo huponya maikrofoni nyingi.

Liko kosa jingine la hatari. Wako watu ambao wakisikia mvumo huukata waya wa ardhi ulio katika plagi. Huenda mvumo ukakoma, lakini siku itakapotokea hitilafu ndani ya sanduku, mwimbaji aliyeishika maikrofoni ndiye atakayekuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Waya wa ardhi usikatwe kamwe.

KELELE NA MAANA ZAKE

Maikrofoni iwashwe na kuachwa nusu saa ipate moto, kisha isikilizwe kwa visikizio vya masikioni katika chumba kimya. Kila kelele ina lugha yake.

Mvumo mzito usiokoma, kama wa nyuki walio mbali, watoka katika umeme wa ukutani. Umeme wa Kenya hutikisika mara 50 kwa sekunde, na mvumo huo hufuata hesabu ya 50 au ya 100. Chanzo chaweza kuwa waya ulioharibika ganda lake la ndani, sanduku lililowekwa karibu na transfoma nyingine, au kapasita za sanduku zilizokauka kwa uzee.

Msusuo, kama wa mvua nyepesi juu ya majani, upo kidogo katika kila maikrofoni. Ukizidi sana, huenda valvu imechoka. Lakini huenda pia maikrofoni ikawa inatoa sauti hafifu, na mtu akauzidisha mtambo mpaka msusuo ukapanda pamoja na sauti.

Mitatariko na milio ya ghafula, kama chumvi iliyotupwa motoni, ni dalili ya unyevu, uchafu, au kiungo kilicholegea. Na mlio kama wa kengele unaosikika mwili wa maikrofoni unapogongwa kwa kidole ni dalili kwamba vipande vilivyo ndani ya valvu vimelegea. Valvu ya namna hiyo haina dawa ila kubadilishwa.

KUANZIA NJE KWENDA NDANI

Sheria ya kazi hii ni moja: kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, na kusikiliza tena kabla ya kugusa kingine. Mtu akibadilisha valvu, waya na plagi kwa pamoja, na kelele ikakoma, hatajua ni kipi kilichoiponya. Na ikirudi, itambidi aanze upya.

Kwanza, maikrofoni nyingine ya kawaida ifungwe mahali pa ile yenye kelele, katika njia ile ile ya mtambo na kwa waya ule ule uendao mtamboni. Kelele ikibaki, maikrofoni haina kosa. Ugonjwa umo katika waya au katika mtambo.

Pili, sanduku liwekwe mbali na vyombo vingine vya umeme, na plagi yake iingizwe mahali pamoja na plagi ya mtambo. Taa za kupunguzwa mwanga na vyombo vya kuchajia simu vizimwe kimoja kimoja. Umeme ambao mitambo mingine huupeleka kwa maikrofoni za transista nao uzimwe, kwa kuwa maikrofoni ya valvu hulishwa na sanduku lake.

Tatu, waya wenye pini nyingi utikiswe polepole toka mwanzo mpaka mwisho. Mitatariko ikisikika mahali fulani, hapo ndipo ulipokatika. Vyombo vyote vizimwe, dakika kadhaa zipite, kisha pini zitazamwe kwa makini na kusafishwa kwa spiriti safi. Waya huu usichomolewe wala kuchomekwa hali umeme unapita.

Nne, baada ya hayo, ndipo ije zamu ya valvu. Umeme ukiisha kuzimwa na valvu ikapoa, hushikwa kwa kitambaa safi na kuvutwa taratibu, ikiyumbishwa kidogo bila kuzungushwa. Mara nyingine kuichomoa na kuirudisha mara mbili au tatu hutosha, maana pini zake husuguliwa na kuondolewa kutu. Kelele isipokoma, ijaribiwe valvu nyingine yenye namba ile ile. Valvu ya zamani isitupwe kabla haijathibitika kuwa mbovu. U 47 ilitumia valvu ya Telefunken iitwayo VF14, ambayo iliacha kutengenezwa zamani. Zilizobaki ni adimu, na anayeitupa iliyo nzima amejitia hasara kubwa.

KIWAMBO AU SAKETI?

Ikiwa waya na valvu ni nzima, swali moja limebaki: je, kelele inatoka katika kiwambo, au katika saketi iliyo chini yake? Fundi ana njia ya hakika ya kulijibu. Baada ya kuhakikisha kwamba umeme umekwisha, hufungua waya unaotoka katika kiwambo, na mahali pake huweka kapasita ndogo ya pikofaradi 50 hadi 100. Kisha hulirudisha ganda la chuma, kwa sababu bila ganda mvumo utaingia kutoka hewani na kumdanganya. Akiwasha, na kelele ikawa ingalipo, kiwambo hakina hatia. Ikiwa imekoma, mkosaji amejulikana.

Katika saketi, vitu vya kushukiwa kwanza ni rezista zenye kipimo kikubwa mno, cha mamilioni ya ohm kwa makumi na mamia, kwa kuwa zikizeeka hutatarika. Pili ni kapasita zinazovujisha umeme. Tatu ni viungo vya risasi vilivyotiwa bila moto wa kutosha, vyenye rangi ya kijivu isiyong'aa. Mahali hapa hata alama ya kidole ni njia ya umeme kuponyoka. Kwa hiyo fundi akimaliza kutia risasi husafisha kwa spiriti safi na pamba, wala haruhusu mkono mtupu ugusie hapo tena.

UNYEVU NA UCHAFU

Kiwambo kikiwa ndicho mkosaji, mara nyingi sababu ni unyevu na vumbi. Watu wa Mombasa na Lamu wanaijua hewa yenye maji na chumvi. Na mwimbaji anayeweka kinywa karibu na wavu huongeza pumzi yake yenye maji. Unyevu na vumbi vikikutana hufanya utando mwembamba, na umeme ukapenya humo kwa milio ya ghafula.

Dawa ya kwanza haihitaji ufundi. Maikrofoni hutiwa ndani ya debe au sanduku lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vifuko vya chembe za silika za kunyonya maji, kwa siku mbili au tatu. Kelele ikipungua, ugonjwa umejulikana, na tangu siku hiyo maikrofoni ikae humo kila isipotumika. Kitambaa au sifongo mbele ya wavu huzuia mate na vumbi.

Kiwambo chenyewe kisiguswe kwa kidole, kisifutwe kwa kitambaa, wala kisipulizwe kwa kinywa. Dhahabu iliyo juu yake ni nyembamba mno, na kosa la sekunde moja halirudishiki. Kuosha kiwambo ni kazi ya bingwa peke yake. Tena viko viwambo ambavyo uzee umevimaliza: kiwambo cha M7 cha U 47 kilitengenezwa kwa plastiki ya PVC, ambayo hukakamaa na kupasuka miaka ikiwa mingi. Hicho hubadilishwa.

MASHAURI KWA MNUNUZI

Anayetaka kununua maikrofoni iliyokwisha kutumika asiilipie kwa kuitazama tu. Aombe iwashwe nusu saa, aisikilize katika ukimya, atikise waya, agonge mwili wake kidogo, na ajaribu kila swichi iliyo katika sanduku. Auzaye maikrofoni, sanduku na waya avitoe vyote pamoja, kwa kuwa sanduku la maikrofoni moja huenda lisifae kwa nyingine, na volti zisizo zake zaweza kuiharibu.

Mwisho, yafaa kila mwenye chombo hiki awe na daftari. Aandike siku kelele ilipoanza, ilikuwa ya namna gani, kitu gani kilibadilishwa, na matokeo yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kelele ikirudi baada ya mwaka, daftari hilo litampunguzia fundi kazi, litampunguzia mwenyewe gharama, na kwaya au mzee aliyeketi mbele ya maikrofoni atasikika kwa sauti yake mwenyewe.