Simba na chui-milia: nani mzito?

Swali: Msomaji wa Ihanda, Mbozi, anauliza: simba wetu na chui-milia wa India, nani mkubwa?

Jibu: Kwa uzito, chui-milia. Dume wa India mara nyingi hupita kilo 200, ilhali simba dume wengi wa Serengeti huwa kati ya kilo 150 na 200. Kwa kimo cha begani, simba hapitwi.

Lakini chui-milia wenyewe hawalingani. Wa hifadhi ya Kaziranga, India, penye nyati na kulungu tele, ni wazito. Majike waliopimwa kwenye mikoko ya Sundarbans hawakufika kilo 100.

Tumbo nalo hudanganya mizani: mnyama aliyeshiba huweza kubeba zaidi ya kilo 20 za nyama, hivyo watafiti makini hupunguza uzito huo kabla ya kulinganisha.