Daraja Lasimamaje?

Mto Sibiti watoka ziwa Kitangiri kwenda Eyasi, nao wakati wa masika uliwatenga watu wa Mkalama na wa Meatu. Sasa pana daraja la mita 82.

Tulaze ubao juu ya mawe mawili, tusimame katikati. Wapinda: upande wa juu wabanwa, wa chini wavutwa. Ndivyo ilivyo boriti ya daraja. Zege hustahimili kubanwa, bali ikivutwa hupasuka. Kwa hiyo mafundi hutia nondo za chuma upande wa chini.

Tena mzigo wote hushukia nguzo, hata msingi. Maji yakiuchimbua msingi, boriti imara nayo huanguka. Basi baada ya gharika yatupasa kutazama nguzo kwanza, ndipo tuvuke.