Vitabu vya Nukta Nundu: Tuulize Kabla ya Kupokea



Mtoto asiyeona wa Butimba akifika sekondari, hesabu na sayansi atazisoma kwa Kiingereza, tena kwa vidole. Nukta ni sita tu, nazo hutoa alama 63. Kwa hiyo alama moja hubebeshwa kazi nyingi, na kwa miaka mingi kila nchi ilizigawa kazi hizo kivyake. Katika hesabu za Marekani, kwa mfumo wa Nemeth, nukta 3-4-6 ni alama ya kujumlisha. Mtoto aliyezoea vitabu vya hadithi huzisoma nukta hizo hizo "ing". Jibu atalikosa, naye hesabu anaijua!

Baraza la Kimataifa la Nukta Nundu za Kiingereza, lililoundwa mwaka 1991, lilitangaza mwaka 2004 kuwa mfumo mmoja wa pamoja uko tayari. Vifupisho tisa vya zamani viliondolewa, kama "ble" na "ation", na tarakimu huandikwa namna moja katika hadithi na hesabu. Afrika Kusini iliupokea mwaka huo, Nigeria 2005, Uingereza 2011. Marekani ilianza rasmi Januari 2016, ila Nemeth haikuiacha (kwa maoni yetu, kazi ilibaki nusu).

Basi mfadhili, kabla ya kutuma, andika vitabu vilichapwa wapi, lini na kwa mfumo gani. Kamati nazo zimwonyeshe kwanza mwalimu wa wasioona. Hadithi za mfumo wa zamani bado zinasomeka akiwepo mwalimu. Vya hesabu vya Nemeth vitengwe kwenye rafu yao.