UTUNZAJI WA GARI LA CHAMA: BERINGI ZA EKSELI YA NYUMA

Gari la chama ni mali ya wanachama wote. Likilala njiani msimu wa mazao, hasara haimwangukii dereva peke yake, bali kila mkulima ambaye gunia lake lingali ghalani. Somo hili lahusu kifaa kidogo kiwezacho kuleta hasara hiyo, na hata kupoteza maisha.

Kazi ya beringi

Katika pikapu nyingi za tani 1, gurudumu la nyuma hufungwa kwenye ncha ya shafti, nayo shafti huzunguka ndani ya beringi iliyo karibu na ngoma ya breki. Beringi hiyo hubeba uzito wa gari na shehena. Aghalabu ndiyo pia izuiayo shafti isichomoke. Ikisagika kabisa, gurudumu laweza kutoka pamoja na shafti gari likiwa mwendoni.

Mambo yaiharibuyo

Kwanza ni uzito. Magunia 8 ya kilo 100 ni kilo 800. Wakiongezwa dereva na watu wawili, kila mmoja kilo 70, jumla ni kilo 1,010. Tani 1 imekwisha kupita, ingawa macho huona nafasi bado ipo. Shehena iliyorundikwa nyuma ya ekseli huielemea zaidi.

Pili ni maji na tope la mitoni, viingiavyo mahali sili ilipochakaa. Tatu ni upungufu wa mafuta ya difu au grisi. Nne ni kuziba kwa kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli: hewa ya ndani ipatapo joto hukosa njia, ikasukuma mafuta kupitia kwenye sili hadi kwenye breki.

Dalili

Mngurumo wa nyuma huongezeka kwa kadiri ya mwendo, na haukomi hata gia ikitolewa. Gurudumu moja huwa na joto kuliko mwenzake. Mafuta huonekana upande wa ndani wa tairi, na breki huvuta upande mmoja.

Uchunguzi

Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe, kwa kuwa breki ya mkono itafunguliwa. Gia itolewe. Gari liinuliwe na kuegemezwa juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Gurudumu lizungushwe kwa mkono, kisha litikiswe juu na chini. Likikwaruza, au likicheza kuliko la upande wa pili, gari lisipakiwe mzigo mpaka fundi alifungue.

Matengenezo

Beringi mpya iingizwe kwa mashine ya kushindilia, si kwa nyundo. Sili na pete ya kushikilia beringi ziwe mpya, na viatu vya breki vilivyolowa mafuta vibadilishwe. Shafti ikaguliwe kama imelika. Zaidi ya yote, chanzo cha uharibifu kitafutwe; kisipoondolewa, beringi mpya itaifuata ya zamani.

Maswali ya kujadili

1. Uzito unaoruhusiwa kwa gari la chama ni kilo ngapi, na ni nani ahesabuye kabla ya safari?
2. Dereva akiripoti mngurumo siku ya kupeleka mazao, ni nani mwenye mamlaka ya kulizuia gari?
3. Je, daftari la gari laonyesha tarehe ya mwisho ya kukagua mafuta ya difu?