Somo la 31: Koleo la Mganga wa Meno

Asubuhi moja mama alimleta mtoto wake kwa mganga wa meno. Shavu la mtoto lilikuwa limevimba kama lenye yai ndani. Usiku mzima hakulala, wala mama yake hakulala. Wakakuta watu watano kwenye benchi. Mganga alikuwa na makoleo mawili tu ya kung'olea magego. La kwanza limekwisha kutumika. La pili limetoka sasa hivi kinywani mwa mzee mmoja mwenye nguvu, asiye na alama yoyote ya ugonjwa.

Mganga alilisugua koleo kwa brashi na sabuni, likang'aa kama kijiko kipya. Mama akasema: «Baba mganga, sasa ni safi. Mhurumie mtoto.» Mganga akajibu: «Mama, limeoshwa, lakini bado halijawa safi. Ngojeni kidogo.» Akayaweka makoleo yote mawili ndani ya sufuria ya mvuke, akawasha moto. Mtoto akalia. Watu wakanung'unika. Je, mganga yule alikuwa na moyo mgumu?

Kinywani mwa kila mtu mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wafaransa huviita mikrobi. Vingi havidhuru. Lakini jino likitolewa, damu hutoka, na pengine katika damu hiyo mna ugonjwa ambao mwenyewe haujui. Ndivyo ilivyo homa ya ini ya namna B. Mtu aweza kuibeba miaka mingi, akilima shamba na kucheza mpira, bila kuumwa. Tone dogo la damu yake, likikauka juu ya chuma, laweza kuambukiza hata baada ya siku 7. Kwa hiyo mganga mwenye akili hawachagui watu. Hasemi: huyu ni mzima, yule ni mgonjwa. Damu ya chifu, ya padri na ya mlevi, zote huzishika kwa hadhari ileile.

Kwa nini basi aliliosha koleo kwanza, ikiwa kuosha hakutoshi? Kwa sababu damu iliyokauka hufunika vijidudu kama ganda, mvuke usivifikie. Hata pale miguu miwili ya koleo inapokutana hufunguliwa na kusuguliwa.

Zamani waganga wengi walichemsha vyombo katika maji tu. Maji yanayochemka huua vijidudu vingi, lakini si vyote. Vingine, kama vile vya pepopunda, hujifungia ndani ya ganda gumu, visife upesi. Tena maji hayachemki kwa joto moja mahali pote. Karibu na bahari huchemka yakifika digri 100. Lakini Bukavu, mji ulio karibu meta 1,500 juu ya bahari, huchemka yakifika digri 95 hivi. Mtu aweza kuongeza kuni apendavyo, joto la maji halitapanda tena. Mvuke tu utazidi. Akina mama wa milimani wanajua jambo hili, maana maharage yao hukawia kuiva.

Mwaka 1679 Mfaransa Denis Papin, aliyekuwa London, alitengeneza sufuria yenye kifuniko cha kukazwa sana, ili kulainisha mifupa. Mvuke uliofungiwa hauna pa kutokea. Husukumana humo ndani, na joto hupanda kupita digri 100. Miaka 200 baadaye, mwaka 1879, Charles Chamberland, msaidizi wa Louis Pasteur huko Paris, alitengeneza sufuria ya namna hiyo kwa kuua vijidudu. Inaitwa otoklavu. Joto lake hufika digri 121, na hapo hata lile ganda gumu halistahimili. Sufuria ya mifupa ikawa sufuria ya hospitali!

Lakini sufuria njema haifai kitu kama mpishi ni mvivu. Dakika huanza kuhesabiwa kipimo kinapofika digri 121, si moto unapowashwa. Vyombo vilivyofungwa katika kitambaa au karatasi hukaa humo dakika 30. Visibanwe, mvuke upate njia kati yao. Tena vitoke vikavu, maana kitambaa kilicholowa huvuta uchafu kama utambi unavyovuta mafuta.

Juu ya furushi hubandikwa utepe ambao mistari yake huwa myeusi kwa joto. Hata hivyo utepe hushuhudia joto tu. Hauwezi kushuhudia kwamba vijidudu vimekufa. Kwa sababu hiyo, katika hospitali zenye utaratibu mzuri, kila juma hutiwa ndani ya sufuria kichupa chenye vijidudu vigumu kufa, visivyodhuru watu. Kisha kichupa huwekwa mahali pa joto. Vijidudu vikiota, kazi ya kung'oa meno husimama mpaka sufuria itengenezwe.

Sindano ya ganzi haipikwi. Ni ya mtu mmoja, kisha hutupwa katika sanduku gumu lisilotoboka. Dawa iliyobaki ndani yake hutupwa pia, hata ikiwa ya thamani, maana pengine damu imeingia humo. Hapo ndipo wengine hushindwa: dawa ni ghali, nao hawapendi kuimwaga.

Saa moja na zaidi ikapita. Mganga akanawa mikono, akavaa mifuko mipya ya mpira, akafungua furushi mbele ya macho ya mama. Jino likatoka. Mtoto akauma pamba, machozi yakakoma.

Yule mzee wa kwanza alikuwa bado ameketi nje, naye alikuwa amekasirika. Akauliza: «Mganga, umepika koleo saa nzima baada yangu. Je, damu yangu ni mbaya?»

Mganga akamjibu: «Hapana, Mzee. Koleo lililoingia kinywani mwako nililipika alfajiri, kabla hujafika. Ulikuwa hujaniambia jina lako.»

Maulizo. Kwa nini mganga aliliosha koleo kabla ya kulipika? Maji huchemka kwa digri ngapi Bukavu? Utepe wenye mistari myeusi hushuhudia nini, na hauwezi kushuhudia nini? Mzee alikasirika kwa sababu gani?