KUNUNUA NYUMBA NA SHAMBA MANDERA: UNAUZIWA NINI HASA?

Somo letu la mara hii linahusu jambo ambalo watu wengi hulipanga kimoyomoyo: kuondoka kwenye kelele za mji na kununua nyumba yenye shamba lake mahali patulivu. Mwalimu anakaribia kustaafu. Mfanyabiashara amechoka na vumbi la soko. Kijana aliye ng'ambo anatuma pesa ili mama yake apate pa kupumzika. Halafu anatokea mtu anasema, "Iko boma nzuri kule upande wa Khalalio, nyumba ya mawe vyumba vitatu, ekari kumi, miembe inazaa, na mto uko pale pale." Bei inavutia. Akiba ya miaka 20 inatoka benki asubuhi moja.

Kabla ya kutoa hata shilingi, kuna swali moja la kuuliza: huyu muuzaji ana nini cha kuuza? Sisemi ni mwongo. Wengi wanaouza ni watu waaminifu kabisa, na wanaamini wanauza ardhi. Lakini hapa Mandera swali hili lina uzito kuliko Kiambu au Kitale, na sababu iko katika historia ya ardhi yetu.

Ardhi hii ni ya nani?

Kwa miaka mingi karibu ardhi yote ya huku iliitwa ardhi ya amana. Baraza la Kaunti, lile la zamani la madiwani, liliishikilia kwa niaba ya wananchi. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ikaleta mpango mwingine. Ibara ya 63 inasema ardhi ya namna hiyo ni ardhi ya jamii, yaani wenyewe ni watu wanaoishi na kulisha mifugo juu yake. Baadaye ikaja Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Chini ya sheria hiyo jamii inaweza kujiandikisha, ikachagua kamati ya watu 7 hadi 15, ikapimiwa eneo lake na kupewa hati ya pamoja.

Na kabla jamii haijasajiliwa? Serikali ya kaunti ndiyo inayoishikilia ardhi hiyo kwa amana, na kifungu cha 6 cha sheria kinaikataza kuiuza au kuigeuza kuwa mali ya mtu binafsi. Hapa tusome polepole. Ikiwa kaunti yenyewe, na ofisi zake zote na mawakili wake, haina ruhusa ya kuuza, mzee mmoja mwenye karatasi iliyopigwa mhuri wa chifu ataiuza vipi? Mhuri wa chifu ni ushahidi kwamba chifu aliiona hiyo karatasi. Basi. Chifu hagawi ardhi.

Tuseme jamii imeshasajiliwa. Hapo kuuza kunawezekana, lakini si kwa neno la wazee watatu chini ya mti. Sheria inataka theluthi mbili ya wanachama wote watu wazima walioandikishwa wakubali. Kama wameandikishwa 600, wanatakiwa 400, wanawake na vijana wakiwemo. Jamii pia inaweza kumpa mwanachama wake sehemu aitumie peke yake, ajenge na kulima, lakini kifungu cha 27 kinasema sehemu hiyo haipewi hati yake ya peke yake. Basi mtu akikuonyesha "taito" ya ekari kumi zilizomegwa ndani ya ardhi ya jamii, uliza kwa upole ilitoka wapi.

Sasa muuzaji ana nini? Ana jasho lake: nyumba, miembe, ndimu, pampu, ukuta, ua wa miiba. Ana pia haki ya kukaa na kutumia, na haki hiyo si kitu kidogo, kwa maana sheria ya 2016 inaziheshimu haki za kimila. Tatizo ni kwamba haki hiyo anayo kwa kuwa ni mtu wa jamii ile. Ukinunua wewe ambaye si mwanachama, uanachama haukufuati kama mbuzi anayefuata kamba. Umelipa bei ya ardhi, umepata nyumba na miti, na kukaa kwako kunategemea hiari ya majirani.

Ploti za mjini

Mjini Mandera, Elwak, Rhamu na Takaba mambo ni tofauti kidogo. Kule watu wana ploti, na wengi karatasi walizo nazo ni barua za kugawiwa, nyingine za tangu wakati wa lile Baraza la Kaunti. Barua hizi zimeuzwa na kuuzwa tena mpaka nyingine zimechakaa kwenye mikunjo. Mahakama ya Juu ilizungumza wazi mwaka 2023 katika kesi ya Torino Enterprises, iliyohusu ardhi ya Embakasi, Nairobi: barua ya kugawiwa peke yake si umiliki, na aliye nayo hawezi kumhamishia mwingine umiliki ambao yeye mwenyewe hajaupata. Ni lazima masharti ya barua yatimizwe, ada zilipwe, na jina liingie kwenye daftari la ardhi.

Mwaka huo huo mahakama hiyo iliamua kesi ya Dina Management, juu ya kiwanja cha ufuoni Mombasa. Aliyenunua alikuwa na hati mkononi, lakini ardhi ilipotolewa mara ya kwanza kabisa, mwaka 1989, utaratibu haukufuatwa. Hati ikaanguka. Kusema "mimi nilinunua kwa nia njema" hakukumsaidia. Kwa hiyo hata ukiwa na hati mbele yako, usitosheke kuitazama rangi na mhuri. Fuata mzizi: nani alipewa kwanza, na nani, kwa azimio gani, na ilitoka kwake ikaenda kwa nani. Kazi hii ina kuchosha, na wakili anayeifanya vizuri atakulipisha. Mlipe.

Familia ya muuzaji

Jambo hili nimeona linapuuzwa kuliko yote. Mnunuzi anakagua karatasi, anasahau watu.

Majirani zetu wengi ni Waislamu, na mirathi yao huamuliwa kwa sheria yao, mbele ya Kadhi ikibidi. Tufanye hesabu ndogo. Baba amefariki, ameacha mke, wana wawili na binti mmoja. Wazazi wake walishatangulia na hana deni. Ana shamba la ekari 40. Mke anapata moja ya nane, yaani ekari 5. Zinabaki 35, na kila mwana anapata mara mbili ya binti: wana wanachukua 14 kila mmoja, binti 7. Sasa kaka mkubwa ndiye anayekutana nawe hotelini na kukuuzia ekari zote 40. Hata tukiacha kando yale maswali ya ardhi ya jamii, haki yake katika shamba lile ni 14. Zile 26 ni za mama mjane, za mdogo wake, na za dada aliyeolewa Wajir ambaye hakuambiwa kitu. Wakija kudai, wana haki.

Kwa hiyo kaa na familia nzima. Mwulize mke wa muuzaji mbele ya watu wake kama anajua nyumba inauzwa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka wote wawili wakubali nyumba ya ndoa inapouzwa. Ni kweli sheria hiyo inamruhusu Mwislamu kufuata sheria ya dini yake katika mambo haya, lakini mimi siwezi kushauri mtu anunue nyumba ambayo mama mwenye nyumba anafungasha vyombo huku analia.

Mto, maji na mapito

Utulivu wa mahali huwezi kuujua kwa ziara moja. Nenda wakati wa jilaal, kiangazi kikali, uone kama Mto Daua bado una maji na kama kisima kina chumvi. Onja maji mwenyewe. Kisha rudi wakati wa mvua. Mafuriko ya Novemba 2023 yalikuja baada ya ukame mrefu uliokosesha mvua misimu mitano mfululizo. Mashamba ya kando ya mto yaliyokuwa yamekauka yakazama. Waulize wazee maji yalifika mti upi. Ukitaka kuweka pampu mtoni, kibali hutoka kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kuwa na shamba pembeni hakukupi maji bila kibali. Tazama pia mathenge: ukikuta umeshika nusu ya shamba, gharama ya kuung'oa iingize kwenye bei.

Halafu tazama nyayo. Kama ngamia na mbuzi hupita katikati ya hilo "shamba tulivu" kwenda kunywa, hayo ni mapito yao tangu zamani. Ukifunga ua umefunga kisima cha watu. Mandera tunajua ugomvi wa namna hii unakofika. Waliokuwa Rhamu mwaka 2013 na 2014 hawahitaji kuelezwa. Siasa ilikuwa ndani yake, lakini ardhi na maji vilikuwemo pia. Acha njia, iandike kwenye makubaliano, na mpaka utembelewe kwa miguu majirani wa pande zote wakiwepo.

Ikiwa bado unataka

Sisemi usinunue. Nasema lipa kulingana na kile unachopata. Kama ni ploti, sheria inataka makubaliano ya kuuziana ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na yashuhudiwe. Mkono kwa mkono na dua peke yake havitoshi mahakamani. Fanya sachi kwenye ofisi ya ardhi wewe mwenyewe, usiletewe na dalali. Pitisha pesa benki, kidogo kidogo, na kiasi kikubwa kibaki mpaka jina lihamishwe. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani. Usimkubali anayekwambia muandike bei ya uongo ili mlipe kidogo. Walio ng'ambo wakumbuke ibara ya 65: asiye raia hapati zaidi ya kukodi, tena kwa miaka isiyozidi 99. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine kabla ya 2010 aliupoteza wa Kenya, basi arudishe kwanza.

Kama ni shamba kwenye ardhi ya jamii, ningekodi. Kodi misimu miwili kwa makubaliano yaliyoandikwa, kamati na majirani wakijua. Utalima kitunguu, utajua maji, utajua watu. Bei ya kukodi ukiipoteza inauma wiki moja.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika eneo letu, jamii imesajiliwa chini ya sheria ya 2016? Kama bado, nani anaweza kutuitia mkutano wa kuanza?

2. Mjane wa jirani anataka kubaki shambani, lakini shemeji zake wameshapokea malipo ya kwanza. Mnunuzi ni mtu wa kikundi chetu. Tutamwambia nini, na nani ataenda kumwambia?

3. Taja mapito ya mifugo yaliyofungwa na ua tangu mwaka 2010 karibu na kwenu. Waliofunga walikuwa wageni au wenyeji?