Tiketi ya Bure Bila Mahali pa Kukaa: Haki za Shabiki Mwenye Ulemavu Uwanjani

Maandalizi ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Kenya itaandaa pamoja na Uganda na Tanzania, yamefanya viwanja vya michezo kuwa gumzo kila mahali. Watu wanauliza nyasi zitakuwa za aina gani, taa zitawekwa lini na mashabiki wangapi wataingia. Swali moja huulizwa kwa nadra, nalo linahusu hata viwanja vidogo vya kaunti ambavyo huenda visione mechi ya kimataifa: shabiki anayetumia kiti cha magurudumu, asiyeona au asiyesikia atalipa pesa ngapi langoni, na akishaingia atakaa wapi?

Kwa kawaida suala la bei na suala la mahali pa kukaa huchukuliwa kama mambo mawili tofauti. Hilo ndilo chanzo cha matatizo mengi.

Katika mechi nyingi za nyumbani, suala la bei humalizwa na askari wa langoni. Akimwona mtu kwenye kiti cha magurudumu au mwenye magongo, humwambia apite bila kulipa. Ni utu, na hakuna sababu ya kuubeza. Hata hivyo, hisani hiyo hutegemea ni nani aliye zamu siku hiyo. Haimfikii mtu ambaye ulemavu wake hauonekani kwa haraka, kama kiziwi au kijana mwenye usonji. Haisemi lolote kuhusu ndugu anayekisukuma kiti. Tena huishia pale pale langoni. Ndani, mgeni huyo wa bure huelekezwa kando ya njia ya wakimbiaji, juani, nyuma ya mabango ya matangazo na wapiga picha. Mvua ikinyesha, wenzake hukimbilia chini ya paa. Yeye hubaki, kwa sababu njia ya kufika huko ni ngazi. Na kwa kuwa hakulipa, hata kulalamika humwia vigumu.

Haki hii imeandikwa

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo, kutumia usafiri wa umma na kupata habari. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu. Kenya pia iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Kifungu cha 30 cha mkataba huo kinataja waziwazi kufika katika maeneo ya michezo na burudani. Mwaka 2025 Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ilichukua nafasi ya ile ya 2003.

Kwa wakazi wa kaunti, sehemu muhimu zaidi pengine ni Jedwali la Nne la Katiba. Linaorodhesha shughuli za michezo na vifaa vyake miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kwa hivyo uwanja wa kaunti ukiwa na mlango ambao kiti cha magurudumu hakipiti, jambo hilo haliwezi kusukumiwa Nairobi.

Wanaohusika si wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu takriban watu 900,000 wenye ulemavu nchini, yaani asilimia 2.2 ya wote wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Ongeza jamaa na marafiki ambao hawaendi uwanjani kwa sababu mmoja wao hawezi kuingia.

Uingereza walivyochelewa

Wakenya wengi huitazama Ligi Kuu ya Uingereza kila wikendi, na wengi watadhani kwamba huko jambo hili lilimalizwa zamani. Sivyo. Mwongozo wa viwanja vinavyofikika na watu wote ulichapishwa huko mwaka 2003. Miaka 11 baadaye, mwaka 2014, uchunguzi wa BBC ulionyesha kwamba vilabu 17 kati ya 20 vya ligi hiyo havikuwa na nafasi za kutosha za viti vya magurudumu. Mwezi Septemba 2015 vilabu viliahidi kutimiza mwongozo huo kufikia Agosti 2017. Tarehe ilifika na baadhi yao walikuwa bado.

Hivi ni vilabu vinavyonunua mchezaji mmoja kwa mamilioni ya pauni. Sababu iliyotolewa mara nyingi ilikuwa umri wa viwanja: jukwaa likishajengwa kwa zege, kupata nafasi mpya kunamaanisha kung'oa viti vya watu ambao tayari wana tiketi za msimu. Kaunti inayojenga au kukarabati uwanja sasa haina kisingizio hicho. Mchoro ukiwa bado karatasini, kuongeza njia ya mteremko ni kazi ya penseli.

Mwongozo wa 2003 una hesabu ambayo yeyote anaweza kuifanya nyumbani. Uwanja mpya wenye viti chini ya 10,000 unatakiwa kuwa na angalau nafasi 6 za viti vya magurudumu, au nafasi moja kwa kila viti 100, ile iliyo kubwa zaidi. Kwa hiyo uwanja wa viti 5,000 unahitaji nafasi 50. Kutoka 10,000 hadi 20,000, ni nafasi 100 pamoja na 5 kwa kila 1,000 zinazozidi. Uwanja mkubwa wa viti 40,000 huanzia nafasi 210, kisha huongezewa 2 kwa kila 1,000. Wembley, uliofunguliwa upya mwaka 2007 ukiwa na viti 90,000, una nafasi 310, jibu lile lile la hesabu hiyo. Hii si sheria ya Kenya, lakini ni kipimo kizuri cha kuulizia maswali. Mkandarasi akionyesha mchoro wa uwanja wa viti 10,000 wenye nafasi 8, tofauti kati ya 8 na 100 haihitaji mtaalamu kuieleza.

Bao linapofungwa

Idadi peke yake inaweza kudanganya. Jaribio la kweli hufika dakika ile ambayo mchezo unastahili kutazamwa zaidi: mpira umeingia kwenye boksi na watu wote wamesimama.

Macho ya mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu huwa takriban sentimita 115 kutoka sakafuni. Mtu mzima aliyesimama mbele yake ana kimo cha sentimita 170 hivi. Tofauti ni sentimita 55, nayo ni kubwa kuliko kipandio cha kawaida cha jukwaa. Zaidi ya hayo, mtazamaji hatazami mbele tu, hutazama chini kuelekea uwanjani, hivyo kimo kinachohitajika huongezeka. Ndiyo maana nafasi hizi hujengwa kwenye jukwaa lililoinuliwa, mara nyingi kwa karibu mita moja au zaidi juu ya safu iliyo mbele. Pasipo kimo hicho, shabiki amenunua tiketi ya kutazama migongo ya watu, halafu ataulizia bao lilivyofungwa.

Jukwaa lililoinuliwa lazima lifikike. Kipimo kinachotumika sana kwa njia ya mteremko ni 1 kwa 12: kila mita moja ya kimo inahitaji mita 12 za mteremko, pamoja na mahali tambarare pa kupumzikia. Miteremko mingi iliyopo kwenye majengo yetu ya umma ni mikali kama paa la nyumba, na imejengwa ili ionekane kwenye picha za uzinduzi kuliko kutumiwa. Nafasi yenyewe inahitaji upana wa angalau sentimita 90 na kina cha sentimita 140, na kando yake kiti cha kawaida cha msaidizi. Kumweka msaidizi safu tatu nyuma ni sawa na kutomweka.

Nafasi hizo pia hazifai kurundikwa pembe moja. Familia hupenda kukaa pamoja, na mashabiki wa timu ngeni nao wana wenzao wenye ulemavu. Hebu fikiria shabiki wa AFC Leopards anayelazimika kukaa katikati ya mashabiki wa Gor Mahia siku ya Mashemeji kwa kuwa ndipo penye mteremko pekee.

Nani alipe, na alipe ngapi

Kwa upande wa bei, watu wenye ulemavu wenyewe hawana kauli moja. Wapo wanaosema kiingilio kiwe bure kwao kwa sababu gharama za maisha yao ni kubwa: kifaa, dawa, na nauli ya teksi pale matatu inapokataa kubeba kiti. Wengine wanasema wangependa kulipa kama shabiki mwingine yeyote, ili wawe na haki ya kudai huduma kama shabiki mwingine yeyote. Hoja zote mbili zina uzito, na uwanja unaweza kuchagua moja baada ya kuwasikiliza.

Lakini kuna mambo mawili ambayo hayafai kuwa ya kuchagua. La kwanza ni msaidizi. Mtu ambaye hawezi kufika kitini, kula au kwenda msalani bila msaada hawezi kutumia tiketi yake peke yake. Akitozwa tiketi mbili, atakuwa amelipa mara mbili kwa mechi moja. Vilabu vingi vya Uingereza humpa msaidizi tiketi bila malipo. Sheria yao ya Usawa ya 2010 inamtaka mtoa huduma afanye marekebisho yanayofaa, na haimruhusu kumtoza mtu mwenye ulemavu gharama ya marekebisho hayo.

La pili hujificha zaidi. Tuseme kiingilio cha kawaida ni Sh200 na cha watu mashuhuri ni Sh500, na mteremko pekee uko upande wa Sh500. Shabiki wa kiti cha magurudumu hajachagua anasa. Amepelekwa huko na ngazi. Bei ya haki kwake ni Sh200. Uwanja usiotaka kupoteza zile Sh300 ujenge mteremko upande wa pili.

Namna ya kununua nayo ni sehemu ya bei. Tiketi zikiuzwa kwa simu pekee, asiyeona anahitaji mfumo ambao programu ya kusoma skrini inaweza kuusoma, na mwenye msaidizi anahitaji kupata nafasi mbili zilizo pamoja bila kwenda ofisini na barua. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu inatosha kuwa uthibitisho. Kumhoji mtu kuhusu mwili wake mbele ya foleni si lazima.

Wasiotumia magurudumu

Mazungumzo haya hupenda kukwama kwenye mteremko. Asiyeona hufika uwanjani kwa ajili ya kelele, nyimbo na wenzake, na mara nyingi huja na redio sikioni. Mtangazaji wa redio husimulia mengi, ila huweza kumaliza dakika nzima akizungumzia historia ya kocha. Utangazaji wa maelezo kwa wasioona hueleza mpira uko wapi, nani anao na anaelekea upande gani. Katika Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar huduma hiyo ilitolewa kwa Kiarabu na Kiingereza. Kwa uwanja wa kaunti, mtu mmoja aliyefunzwa na vipokezi vichache vya redio vinaweza kuanzisha kazi.

Kiziwi hasikii tangazo la kuondoka haraka. Tangazo hilo linapaswa kuandikwa kwenye skrini, na wasimamizi wachache wajue Lugha ya Ishara ya Kenya. Mtoto mwenye usonji anaweza kulemewa na vuvuzela. Sunderland ya Uingereza ilitenga chumba tulivu chenye dirisha la kutazama uwanja mwaka 2015, na vilabu vingine vikafuata. Mzee mwenye magongo hahitaji jukwaa maalum, anataka tu kiti karibu na mlango chenye mahali pa kushika. Na choo kisichofikika humfanya shabiki asinywe maji tangu asubuhi, jambo ambalo halitajwi sana ingawa wanaolijua wanalijua vizuri.

Pa kuuliza, na lini

Mkazi anayetaka mambo haya yaingie kwenye mipango ya kaunti ana nyakati maalum za kusema. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kabla ya kila hatua, wananchi wanapaswa kushirikishwa, na mwakilishi wadi anapokea pia maoni ya maandishi. Ombi lenye idadi husikika kuliko ombi la jumla: nafasi ngapi za viti vya magurudumu, upande gani wa jukwaa, vyoo vingapi, na msaidizi analipa nini.

Uwanja ukikamilika, kabla ya mkandarasi kukabidhi funguo, inafaa kikundi cha watu wenye ulemavu kialikwe kuukagua. Mmoja aketi kwenye nafasi iliyotengwa, watu wazima wanne wasimame safu iliyo mbele yake, na mpira uwekwe kwenye alama ya penalti iliyo karibu. Aseme kama anauona.